Aliniita Mfagia Mikeka Katika Chuo cha Baba Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na kitu. Nilifiwa na mume nikiwa bado kijana, sikuolewa tena, na sina mtoto. Ninaishi hapa Kindu, nyuma kidogo ya msikiti. Ndugu wasomaji, mkasa huu ni wa zamani sasa, lakini nikiukumbuka damu bado inanichemka...

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani aliyekuja na misafara kutoka pwani. Mama yangu ni Mgenya wa hapa mtoni. Baba alinifundisha kusoma na kufasiri kama ambavyo angemfundisha mtoto wa kiume. Pamoja nami alimfundisha Ramazani, kijana wa Lokandu mwenye sauti nzuri ajabu. Baba alipokaribia kufa alituita wote wawili, akasema tufundishe pamoja, kwani mmoja wetu peke yake ni nusu ya mwalimu.

Tukafundisha pamoja. Katikati ya chuo palikuwa na ukuta wa matete, wavulana upande wake, wasichana upande wangu. Yeye aliwasomesha wote kwa sauti yake ile, nami niliwaeleza wote maana kwa Kingwana, Kiswahili cha huku kwetu. Jioni tulikaa barazani kwa mama tukitayarisha somo la kesho. Tulibishana! Mama anasinzia, sisi bado tunavutana juu ya neno moja. Sijapata tena mtu wa kubishana naye namna ile.

Kwa haya zangu niliwaambia wanafunzi kwamba mtu akiwauliza wamesoma kwa nani, wamtaje Ramazani tu. Nilidhani ndiyo adabu ya mwanamke. Laiti ningejua!

Basi mkubwa wa mji akataka kukifanya chuo chetu kuwa chuo cha mji mzima. Akaja na wazee wake. Mimi nipo nyuma ya matete, nasikia kila neno. Akauliza binti wa marehemu ana kazi gani pale.

"Huyu?" Ramazani akajibu. "Huyu njo anafagia mikeka. Na wino, anatupikia."

Wazee wakacheka. Mimi, mfagia mikeka! Mimi niliyemfasiria kila aya aliyojivunia! Kweli fadhila ya punda ni mateke.

Mnajua jioni ile alifanya nini? Alikuja barazani kama kawaida kuuliza somo la kesho! Nikamwuliza kwa nini alinikana.

"Dada, wale wazee hawawezi kuitikia mwanamuke," akasema. "Nilisema vile kusudi chuo kisimame. Wewe unajua, na mimi najua. Haitoshi?"

Haikutosha. Nilimpa somo lake kwa upole, na moyoni nikaanza kumtayarishia somo jingine.

Desturi yetu, mwanafunzi anayehitimu husimama mbele za watu akamtaja aliyemsomesha. Hapo ndipo mwalimu hujulikana. Nikazungumza na wanafunzi mmoja mmoja. Walinipenda, maana fimbo ilikuwa yake na maelezo yalikuwa yangu. Ningeweza kuwaambia wayataje majina yetu mawili, na huo ndio ungekuwa ukweli. Sikutaka ukweli. Niliwaambia wamfute.

Siku ya kuhitimu mbuzi walichinjwa, wageni wakaja mpaka kutoka Kibombo. Ramazani alivaa kanzu mpya. Akasimama wa kwanza, mpwa wa mkubwa.

"Umesoma kwa nani, mutoto?" mkubwa akamwuliza.

"Kwa Bibi Hadija," akajibu, akinitaja mimi.

Wa pili akasema hivyo hivyo. Na wa tatu... mpaka wa mwisho. Kanzu mpya ikaloa jasho. Ramazani akawauliza ile sauti wanayosomea waliipata wapi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nyuma ya matete nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Lakini mkubwa aliona ameaibishwa mbele ya wageni wake.

"Walimu wanakatalana hivi," akasema, "siwezi kuwapatia watoto yetu."

Chuo kikafungwa. Wavulana wakapelekwa kusoma Nyangwe. Ramazani akarudi Lokandu, na nasikia anauza samaki, hakuna anayemwita mwalimu. Siku nilipoambiwa nilikula wali wangu kwa raha sana.

Na wasichana? Nani angempeleka msichana Nyangwe? Wakakatazwa hata kukanyaga kwangu.

Kati yao alikuwamo Zaina, ambaye mama yake aliletwa hapa mateka. Mama huyo alitaka kitu kimoja tu, bintiye ahitimu ili asiitwe mshenzi tena. Zilikuwa zimembakia sura chache. Siku moja nilikutana na Zaina mtoni, akatua mtungi wake.

"Mwalimu, watu wanasema ulimushinda kabisa," akaniambia. "Sasa sisi tutasoma wapi?"

Akasimama akingoja jibu. Nikajitwisha mtungi wangu nikaenda zangu. Mpaka leo wanamwita mtoto wa mshenzi.

Ndugu zangu wanaume mnaofanya kazi ya elimu pamoja na wanawake, watajeni mbele za watu, tena siku ya kwanza. Kuwataja barazani tu hakutoshi. Nanyi dada zangu, msifundishe watu kuyaficha majina yenu halafu mkangoja fadhila. Na ukidhulumiwa ukataka kulipiza, tazama kwanza ni nani aliyesimama nyuma ya adui yako.

Ramazani sijamsamehe. Akija leo mlangoni pangu nitamwacha juani. Lakini Zaina akipita njiani, ni mimi ninayeingia ndani.