Muhuri Ulioachwa Ofisini

Kiwandani kwetu Ulsan, Korea, gari moja hufungwa milango na watu wawili. Wa kushoto ana kizibao cha kijani. Ni mwajiriwa wa kudumu. Wa kulia ana cha kijivu. Ni wa mkataba. Skrubu ni zile zile. Lakini kantini, kijivu husubiri kijani washibe.

Seok-jin alikuwa kijivu. Ijumaa moja wali ulimpolea mezani.

"Baba Ha-yun, kula basi," mkewe Mi-ran alisema.

"Mwezi ujao natimiza miaka miwili. Msimamizi anataka kijivu wote tujiuzulu Jumatatu. Eti utaratibu tu, tupumzike wiki mbili, turudi."

"Si mkataba una miezi mitano mbele?"

"Unayo."

Mi-ran alishika tumbo lake. Mtoto wa pili alikuwa njiani. Akamwita jirani, Mama Do-yun, wa ofisi ya kutetea wafanyakazi.

"Utaratibu!" Mama Do-yun aliguna. "Mimi kiwandani walinipumzisha hivyo hivyo. Mwaka wa saba huu, bado napumzika! Sikiliza, shemeji. Wa mkataba akipita miaka miwili, sheria inamhesabu wa kudumu. Ndiyo maana wanataka uondoke mwenyewe. Ukijiuzulu, utalalamika umefukuzwa na nani?"

"Basi sigongi muhuri kwenye barua yao," Seok-jin alisema. Kwetu muhuri wa mtu ndio sahihi yake.

"Haya, kitendawili: mdogo kama kidole, akikanyaga karatasi, mtu mzima anakosa kazi."

"Muhuri huo."

"Wako uko wapi?"

Mi-ran alifungua droo. Haumo.

"Uko ofisini," Seok-jin alisema polepole. "Kijivu wote tunamwachia karani, atugongee fomu za likizo."

Mama Do-yun akainuka. "Basi wanaweza kukugongea hata barua ya kujiuzulu! Jumatatu uuchukue kabla hujagusa kazi. Sema hujiuzulu. Wakikufukuza, wakuandikie, na sababu yake. Ukifukuzwa, una miezi mitatu tu ya kulalamika kwenye tume ya kazi. Usiilalie."

Siku mbili hizo hazikuisha upesi. Jumatatu, Seok-jin alisimama mbele ya karani, msimamizi akiwa pembeni.

"Naomba muhuri wangu. Sijiuzulu. Kama mnanifukuza, niandikieni."

"Nani kakufundisha?" msimamizi alifoka. "Kijivu unajifanya kijani?"

Seok-jin akanyoosha mkono. Nyuma yake kijivu mwingine akasema, "Na wangu."

"Na wangu pia."

Kopo la mihuri la karani likabaki tupu.

Hakuna aliyeandikiwa kitu. Lakini mwezi mzima, kila simu ilipolia, Mi-ran alishtuka.

Siku ya kwanza baada ya kutimiza miaka miwili, Seok-jin alichelewa dakika tatu. Msimamizi akamfokea, "Kesho ukichelewa tena, utanitambua!"

Mchana Seok-jin akampigia mkewe.

"Mama Ha-yun," alisema huku akicheka, "amesema kesho. Kesho bado nina kazi!"