Aliyekatiza Wimbo

Waya mmoja ulilia usiku, mara moja tu, ndani ya sanduku la fidla lililofungwa.

Asubuhi Beverly alikuta kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimekauka kama kijiti. Kilinuka udi.

Yeye na Fiona, wote wa Eldoret, walikuwa wamepanga nyumba Selly Oak, ughaibuni, karibu na chuo chao cha muziki. Kwa wiki tatu walikuwa wakifanya mazoezi ya muziki wa nyuzi wa miaka mia nne iliyopita, fidla mbili na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kwa mtihani wa mwisho. Kila walipofika sehemu ya polepole, Fiona aligonga stendi ya karatasi za muziki. "Simama! Turudie." Mara arobaini kwa siku. Rikesh, mpiga selo, alikitazama kile kidole, akahamia kwa mamake siku hiyohiyo.

Usiku wa pili sauti ilimnong'oneza Beverly sikioni: "Nani hunikatiza?"

Akanyamaza. Kidole cha pete kikakauka. Usiku wa tatu akanyamaza tena, cha kati kikafuata.

Jumamosi mchana walimwita Bi Mwanakhamis, Mmombasa anayetunza wazee huko Shard End, upande wa pili wa jiji. Nyanya yake alikuwa mpunga pepo. Alilinusa sanduku la fidla ya Beverly, akarudi nyuma.

"Kila pepo ana ngoma yake," alisema kwa sauti ya chini. "Ikipigwa, hupanda. Kwetu mpigaji hathubutu kunyamaza kabla pepo hajashuka mwenyewe. Nyinyi mmemwita mkamfukuza mara ngapi?"

"Lakini ni mazoezi tu, Bi," Fiona alisema.

"Yeye hajui mazoezi, mwanangu. Ajua matusi."

"Nifanye nini?" Beverly aliuliza.

"Mpe jina analolitaka. Atakuacha na vilivyobaki, amshike huyo. Mzima mzima."

Fiona alicheka, cheko fupi. "Bev, si utavumilia? Vidole vitatu vimeshaenda, hutapiga fidla tena. Mimi bado nina mtihani Jumatatu."

Hapo vifungo vya sanduku vikafunguka vyenyewe, na fidla ikaanza ile sehemu ya polepole bila mkono wala uta, na harufu ya udi ikajaa sebule hadi Bi Mwanakhamis akaziba pua kwa mtandio, na baridi ikapanda kidole cha shahada cha Beverly, kiungo baada ya kiungo, naye akiutazama mkono ambao mama yake aliuombea kanisani kabla ya safari, hata muziki ukafika palepale ambapo Fiona hugonga stendi, ukakoma.

"Nani hunikatiza?"

Fiona alipiga magoti. Cheko lilikuwa limemkauka. "Usithubutu. Bev, tafadhali. Dada yangu."

Hakuwa amewahi kumwita dada.

Beverly aliuinua mkono wake, akamwonyesha vile vijiti vitatu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Fiona," akasema. "Fiona Jerotich."