Mama Anaishi Wapi?

Kila asubuhi Kokushubila alifagia uwanja, akawasha moto na kumwandalia bibi yake uji. Kisha aliketi kizingitini na simu mapajani, akisubiri mama yake apige. Huku Rubya, Muleba, kulipokuwa kunakucha, kule Marekani mama yake, Edvina, alikuwa ametoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee na anajiandaa kulala. Mara chache alipiga. Mara nyingi usingizi ulimwahi, na Kokushubila akaenda shule bila kumsikia.

Mama aliondoka Kokushubila akiwa darasa la pili. Sasa alikuwa la sita. Katika kibanja chao, shamba la ukoo, nyuma ya kaburi la babu, kuta za nyumba mpya zilikuwa zimesimama kati ya migomba zikisubiri bati. "Fundi Mutalemwa akimaliza kuezeka, Desemba nakuja," mama alikuwa amesema. "Tutalala humo sote watatu." Desemba ndio mwezi wa watu kurudi nyumbani, hata waliokwenda mbali sana, na Kokushubila aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Jumamosi moja ya Oktoba simu iliita kwa namba ngeni. Simu hiyo ilikuwa na laini ya mama, aliyomwachia bibi alipoondoka. Bibi Jovita alikuwa anamenya ndizi, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikwisha upesi, simu zote zilipokelewa na mjukuu.

"Habari ya asubuhi. Naitwa Judica, napiga kutoka benki, Bukoba. Nampata Edvina?"

"Hayupo karibu. Mimi ni mwanaye. Shikamoo."

"Marahaba, binti. Tunahakiki taarifa za wateja. Mama anaishi hapa nchini, au nje?"

Ungedhani ni swali jepesi kama la kuulizwa jina. Lakini nyumbani kwao lilikuwa na jibu lake. Jirani akiuliza habari za Edvina, Bibi Jovita alisema, "Anaishi hapa, kwenye kibanja cha baba yake. Huko yuko safarini tu." Kwake yeye, mtu wa kusemwa kwamba anaishi kwingine ni yule aliyeuza kibanja na kuyaacha makaburi ya wazazi. Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikuwa desturi ya mtu yeyote. Kokushubila alikuwa amechoka kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba mama hayupo.

"Anaishi hapa," alisema. "Ameenda shambani."

"Sawa. Mwambie afike tawini na kitambulisho kabla mwezi haujaisha. Kadi yake inaonekana kutumika nje ya nchi, lazima tuhakikishe."

"Ego, waitu," aliitikia kwa Kihaya, akisema ndiyo kwa heshima.

Hakumwambia mtu yeyote. Mchana huo alimenya ndizi za kutosha watu watatu, mpaka bibi akamwuliza kama kuna mgeni. Alitaka kucheka, akashindwa.

Novemba ilipoanza, fundi Mutalemwa alikuja, akatazama kuta, akaondoka na vifaa vyake. Hakuwa amelipwa. Asubuhi iliyofuata mama alipiga, na sauti yake ilikuwa ya uchovu.

"Benki wameizuia akaunti ambayo ndiyo ya ujenzi. Wanasema taarifa zangu zinapingana, nifike mwenyewe tawini. Nitafikaje, mwanangu? Sijui nimekosa nini."

Kokushubila alijua. Alisema tu, "Pole, mama."

Mvua za Novemba hazikumsubiri mtu. Zilinyesha ndani ya nyumba isiyo na paa, na ukuta wa upande wa jikoni ukaanza kumeguka. Jioni wenzake walikimbilia kwenye taa kukamata senene, panzi wa kuliwa, wakiitana kwa vicheko. Yeye hakwenda. Alisimama katika chumba ambacho mama alisema watalala wote, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akajiona peke yake kuliko alivyowahi kuwa. Zamani alikuwa anamkosa mama tu. Sasa alikuwa na siri, na hiyo ilimtenga hata na bibi aliyelala naye chumba kimoja.

Bibi Jovita alimfuata humo na kipande cha nailoni kichwani.

"Unalia nini kwenye mvua?"

Akamweleza yote, kuanzia simu ya benki. Alingoja kugombezwa. Bibi aliegemea ukuta, penye nafasi ya mlango ambao haujawekwa.

"Uongo ni wako," alisema. "Ila maneno ni yangu, wewe umeyaokota. Kesho tunakwenda Bukoba, na utasema ukweli mbele ya huyo uliyemdanganya."

Judica alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, si mkali kama Kokushubila alivyomwazia njia nzima. Aliwakaribisha viti. Kokushubila alisema bila kuinua macho, "Shikamoo. Mimi ndiye niliyesema mama anaishi hapa. Haishi hapa. Anaishi Marekani, anafanya kazi kule."

Judica akavua miwani. "Akaunti si yenu, kwa hiyo mambo yake siwezi kuwafungulia. Lakini sheria nitawaeleza. Marekani inazitaka benki za nchi nyingine zitaje wateja wao wanaopaswa kulipa kodi kule, hata kama wamezaliwa Muleba. Kwa hiyo tunauliza. Anayeishi kule anatupa namba yake ya kodi na kuweka saini, na akaunti inaendelea. Kuishi nje si kosa hata kidogo."

"Basi kwa nini mmezuia?" Bibi aliuliza kwa Kihaya, na Judica akamjibu kwa Kihaya hicho hicho.

"Kwa sababu kadi ilisema yuko nje na nyumbani walisema yuko shambani. Mambo mawili hayo tungeamini lipi? Nitamwandikia Edvina leo, aeleze mwenyewe. Itachukua muda, maana sasa kila kitu lazima kihakikiwe upya. Na wewe binti, ukiulizwa tena jambo la mtu mwingine, sema ukweli unaoujua, au sema aulizwe mwenyewe."

Kweli ilichukua muda. Akaunti ilifunguliwa katikati ya Desemba, fundi akarudi, akaujenga tena ukuta uliomeguka kabla ya kuezeka. Fedha zilizobaki hazikutosha nauli, na likizo ya mama ilikuwa imekwisha kusogezwa. Sasa angekuja Juni.

Asubuhi ya Krismasi mama alipiga. Kokushubila alikuwa peke yake kizingitini, bibi akivaa kwa ajili ya misa. Aliomba radhi, kwa mara ya kwanza kwa mdomo wake mwenyewe, akaeleza kwa nini alisema vile. Upande wa pili akasikia kwikwi.

"Mama?"

"Nipo." Mama alikuwa analia. "Bibi yako hajakosea, kwetu ni hapo, na hakuna benki itakayoniondolea kwetu. Lakini kwetu ni kitu kimoja, na ninapoishi ni kingine. Ukivichanganya mbele ya watu wanaohitaji ukweli, wanaoumia ni sisi. Umeona."

"Nimeona, mama."

"Na kingine, Koku. Ulimwambia mtu wa benki, usiyemjua, kwamba naishi nyumbani. Mimi kila nikipiga unaniambia hamjambo, shule nzuri, bibi mzima. Hujaniambia hata siku moja kwamba unataka nirudi. Hilo ndilo lililokuwa la kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kulisikia. Niambie sasa."

Kokushubila aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nataka urudi," alisema.