Sauti Iliyoruka Katikati

Jioni ile nilikuwa nimebakiza kazi moja tu: kumpelekea mdogo wangu chupa ya chai wodini, kisha nikalale. Nilikuwa nimechoka vibaya. Asubuhi nilikuwa nimetoka nyumbani na kitana mfukoni nikidhani ni simu.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto, mpwa wangu wa kwanza, alikuwa mdogo kiasi kwamba kofia ya hospitali ilimfika kidevuni. Alilazwa wodi ya njiti, kitanda cha dirishani, ndani ya kile kisanduku cha kioo chenye joto. Kifuani walimbandika kidude chenye waya, na waya ule ulipeleka pumzi zake kwenye skrini juu ya kitanda. Watoto wa namna ile husahau kupumua. Sikutanii, husahau kabisa, kama wewe unavyosahau ufunguo mezani. Wakisahau, skrini hulia, nesi huja akawasugua unyayo, nao hukumbuka.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Skrini zote za wodi ile zinalishwa na kompyuta moja iliyo mezani kwa nesi, na kompyuta hiyo iko chini yangu. Kwa hiyo nilikuwa fundi na mjomba kwa mpigo, na tangu mtoto azaliwe usingizi niliusikia kwa majirani.

Nilikuwa nimeshazima taa ya ofisi. Chupa mkononi, mguu mmoja nje.

Skrini yangu ikawaka.

"Sasisho muhimu la usalama wa mfumo endeshi. Kwa kompyuta ya wodi ya njiti. Ruhusu."

Nikasonya. Nikaweka chupa chini.

Mtu wa kawaida akiona ujumbe kama huo kwenye simu yake hubonyeza tu, mradi umwondokee. Mimi siwezi. Ukikubali sasisho la uongo, umemkaribisha mwizi sebuleni na kiti umempa. Ukilikataa la kweli, umeacha tundu ukutani. Hospitali jirani waliacha tundu. Wiki iliyotangulia watu wasiojulikana waliingia wakazifunga kompyuta zao zote, wagonjwa wakaletwa kwetu kwa magari, na ndiyo sababu ya mimi kutembea na kitana mfukoni.

Tulikuwa na utaratibu wetu, mimi na Mama Katikati. Huyu ni mama wa makamo anayetunza seva, zile kompyuta kuu za hospitali, katika chumba cha chini kabisa cha jengo, peke yake na mafeni yake. Kila faili la kweli lina alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ambao watengenezaji huutangaza. Mimi huku juu nasoma alama ya faili lililotufikia. Yeye kule chini, kwa laini nyingine kabisa ya intaneti, anasoma ile waliyoitangaza watengenezaji wenyewe. Tunasomeana kwenye simu ya ndani. Zikilingana, sasisho ni halali.

Na hatuanzi mwanzo. Tunaanza katikati.

"Mwizi anajua wavivu wanatazama mwanzo na mwisho tu," alinifundisha siku yangu ya kwanza. "Katikati ndiko anakotegemea hufiki." Jina likamganda hapo. Hata mkate huyu mama anaula kuanzia katikati, maganda anayaacha.

Tukimaliza, nampigia nesi wa zamu. Yeye ndiye anayebonyeza, kwa sababu skrini huzimika kidogo na lazima mtu awe karibu na watoto. Nesi hana muda wa kusoma alama. Akisikia sauti yangu inasema ruhusu, anaruhusu. Bila sauti yangu, hagusi kitu.

Nikakaa. Nikatazama sahihi ya mtengenezaji kwenye faili. Ilikuwa kamili, muhuri haukuwa na dosari. Nikainua simu, nikapiga chumba cha seva.

Ikaita... ikaita... ikapokewa.

"Shikamoo mama. Kuna sasisho limeingia."

"Marahaba," akasema. "Naliona."

Sauti yake ilikuwa imechoka. Sikushangaa, nani hakuchoka wiki ile. Kilichonigusa ni kitu kingine, ila akili yangu ilikuwa nzito na sikukishika upesi. Chumba kile kina mafeni makubwa. Ukimpigia, ni kama unaongea na mtu aliye kwenye pikipiki. Jioni ile hapakuwa na mvumo wowote nyuma yake.

"Haya mama, nisomee."

Akaanza kusoma. Polepole. Herufi, tarakimu, herufi.

Alianza mwanzo.

"Leo tunaanza mwanzo?"

"Nimechoka, mwanangu."

Nami nilichoka. Nikamwacha. Kidole changu kikafuata mstari kwenye skrini, na mwanzo ukalingana wote. Kisha akaruka hadi mwisho. Nao ukalingana.

"Imelingana," akasema. "Mpigie nesi."

"Bado katikati, mama."

"Katikati ni ileile. Mpigie nesi. Mwambie aruhusu."

Hapo nikasikia harufu. Maziwa yaliyochacha... na chini yake harufu ya waya unaoungua. Nikanusa chupa ya chai. Haikuwa chupa. Nikanusa mkono wangu. Ilikuwa inatoka kwenye simu, kwenye vile vitundu vya kusemea.

"Mama," nikanong'ona, "soma katikati."

"Mpigie nesi. Mwambie aruhusu."

Sauti ileile. Kwa urefu uleule, na uchovu ukaanguka mahali palepale, kwenye neno lilelile.

"Soma katikati."

Nikasikia pumzi. Ndogo, za haraka... zikasimama... zikaanza tena. Mtu mzima hapumui hivyo. Pumzi zile nilizijua, nilikuwa nimezisikiliza kupitia kioo kila nilipopata nafasi ya kusimama pale.

"Kitanda cha mlangoni," ikasema sauti, "...analala."

"Mama?"

"Kitanda cha ukutani... analala."

Nilitaka kuitupa simu. Mkono haukutii. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama sijawahi kuogopa kitu.

"Kitanda cha dirishani..."

Pumzi zikasimama.

"Kitanda cha dirishani... amesahau."

Simu ikanitoka. Ikabaki inaning'inia kwenye waya wake, nami nikawa nje.

Kwenye kona ya korido nikagongana na mtu nusura tuanguke. Alikuwa Mama Katikati. Mkono mmoja wa gauni alikuwa ameukunja hadi begani.

"Wewe, utaniua," akasema. "Unakimbizwa na nani?"

"Mama... si uko chini? Si tulikuwa tunasoma?"

"Tunasoma nini? Nilikuwa napimwa presha. Wamenikalisha kwenye benchi pale tangu jua liko juu." Akaninyooshea ufunguo. "Chumba nimekifunga. Huu hapa."

"Kuna sasisho. La wodi ya njiti."

Akaacha kutabasamu. "Kabla sijapanda nimetazama kwa watengenezaji. Hawajatoa kitu leo."

Mbele yetu, ndani ya wodi, simu ikaita.

Mara moja tu. Mtu akaipokea.

Tukakimbia, mimi mbele, yeye nyuma na presha yake. Tulipoingia, nesi wa zamu alikuwa anarudisha simu mahali pake. Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Fundi? Umefikaje upesi hivi?"

"Nani alikuwa kwenye simu?"

"Si wewe." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama anataniwa. "Umesema mmesoma hadi katikati, imelingana. Umeniambia niruhusu. Hata nikakuonea huruma, sauti yako imechoka jamani."

"Umebonyeza?"

"Nimeshabonyeza."

Skrini zote zilikuwa nyeusi. Chumba kizima, giza la jioni dirishani na visanduku vya kioo vikiwa vimepangwa kimya. Kisha zikawaka. Moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani. Namba nzuri. Hakuna iliyolia.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka mabegani. Aliponiona akanyanyua uso, na ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ajifungue.

"Kaka, hebu mwone," akasema. "Leo anapumua vizuri kuliko siku zote."

Nikatazama skrini. Mstari ulipanda na kushuka, umetulia, haukukosea hata mahali pamoja.

Nikamtazama mtoto.

Kifua hakikupanda.

Nikafungua kidirisha cha kisanduku, nikaingiza mkono, nikamsugua unyayo kwa kidole. Hakuna. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya jivu. Nikasugua tena, kwa nguvu, na nikajisikia nikisema "kumbuka, baba, kumbuka," kama mtu aliyerukwa na akili. Mdogo wangu alikuwa amesimama. Alikuwa anauliza kitu, sikumsikia.

Mtoto akajikunja. Akavuta pumzi, akalia, kilio chembamba mno.

Katika kuutoa mkono kwa haraka nikanasa waya wa kifuani, na kile kidude kikabanduka. Nikakivuta nje. Nilikuwa nimekishika, mimi mwenyewe, kwenye kiganja changu, hakijagusa kifua cha mtu yeyote.

Skrini ikaendelea kupumua.

Nesi aliona. Mama Katikati aliona. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa shuka.

"Zimeni zote," Mama Katikati akasema kwa sauti ya chini. "Chomoeni ukutani. Kila mtoto apate mkono wa mtu."

Ndivyo tulivyofanya. Mama wa kila mtoto, manesi, mfagizi, mlinzi wa lango, kila mmoja akakaa kando ya kisanduku na kiganja chake kifuani pa mtoto, anahesabu kwa midomo. Kukapambazuka tuko vilevile, na watoto wote walikuwa hai.

Watengenezaji walitoa tangazo baadaye. Mtu alikuwa amewaibia muhuri wao wa kutia sahihi, akasambaza masasisho ya uongo yaliyoonekana halali kabisa. Hilo la faili likaeleweka. La skrini pia likaeleweka nusu: kompyuta yetu ilifundishwa kuchora namba nzuri, wakati wezi wenyewe wanachimba mambo yao kwa ndani.

La sauti ndilo lililobaki.

"Siku hizi wana mashine za kuiga sauti," Mama Katikati aliniambia. Alikuwa anajifariji, nilimwona. "Waliingia kwenye simu zetu, wakatusikiliza miezi, wakatuiga."

"Sawa, mama. Na yule mtoto? Skrini ilikuwa bado nzima niliposikia amesahau, na haikuwa imelia, maana yake alikuwa bado anapumua. Wao walijuaje kwamba atasahau?"

Akavunja mkate wake katikati, akautazama, hakuula.

Mafundi wa simu nao walileta majibu yao. Chumba cha seva hakikupokea wala kupiga simu jioni ile. Iliyopigwa wodini ilitoka mezani kwangu, kwenye simu niliyoiacha inaning'inia.

Mtoto alikua, akaruhusiwa, sasa yuko nyumbani kwa mama yake na mashavu yake mwenyewe. Mimi na mdogo wangu tulikubaliana neno. Tulilichagua jikoni kwake, mdomo kwa sikio, simu zetu tumezifungia garini nje. Nikimpigia ananiuliza, "Katikati?" Nikilisema lile neno, tunaendelea. Nisipolisema, anakata. Hatujaliandika popote, na hakuna mwingine anayelijua, hata Mama Katikati.

Jana jioni nilipita kwao nikitoka kazini, nimechoka kama kawaida. Alinifungulia mlango huku ananicheka.

"Kaka, uzee umekupata. Neno letu wenyewe unalisahau?"

"Nimelisahau lini?"

"Mchana, uliponipigia. Nimekuuliza katikati, ukakosea. Nikawa nakata."

Sikuwa nimempigia simu mchana. Nilimwambia hivyo, na nikaona kicheko kinamtoka usoni taratibu.

"Ukakata?" nikauliza.

"Nilikuwa nakata... ukaomba nikuulize tena." Akashika fremu ya mlango. "Mara ya pili ukapatia. Ukaniuliza siku hizi mtoto analala upande gani wa chumba. Nikakwambia dirishani."

Nikampita mlangoni na viatu vyangu. Chumba cha ndani kilikuwa giza na mtoto alikuwa kimya. Kulikuwa na harufu ya maziwa, na sikutaka kujua kama yamechacha. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaweka kiganja changu kifuani kwake, nikaanza kuhesabu.