Ini la Namba Arobaini na Moja

Kwa hadithi za mapenzi, sina mpinzani. Ingawa, tusidanganyane, mume wangu mwenyewe nilimpata baada ya dada yangu kumkataa.

Mtakwimu mmoja wa kike alikutana na fundi wake ndani ya lifti ya hospitali, asubuhi, watu kumi na mmoja wamebanana, lifti imekwama. Milango ikapanuliwa kwa nondo, ikachungulia ovaroli ya buluu yenye mafuta mpaka kwenye kola.

"Poleni jamani. Pole, dada."

"Pole yako haitanifikisha ghorofa ya saba."

"Basi nikubebe?"

"Kwa nguo hizo? Ngoja nichoke zaidi."

Na kuchoka alikuwa amechoka. Mwaka wa tatu huo anasoma vipimo vya damu za watu waliojitolea kujaribu dawa mpya ya maumivu ya viungo. Kwake hawakuwa na majina, namba tu. Kazi yake ni kulitambua ini linalolalamika kabla mwenyewe hajawa manjano. Jioni alitoka macho mekundu, viatu mkononi, fundi akimsubiri naye hoi. Wakapendana hivyo hivyo, huku wakipiga miayo.

Mwezi wa tano, vimeng'enya vya ini la namba arobaini na moja, vinavyomwagika damuni ini likiumia, vikapanda mara nne. Endapo rangi ya nyongo nayo itapanda, na sababu nyingine isipatikane, lawama ni ya dawa: inazikwa, na wazee walioanza kutembea bila fimbo wanarudi kitandani.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Laazizi, wameniita tena kutoa damu. Eti namba arobaini na moja, ini limenuna."

 Kumbe fundi naye amejitolea, wala hakuwahi kusema! Kesho yake mtakwimu akamkabidhi mkubwa wake faili la namba hiyo. Damu ya mpenzi haisomwi na mpenzi. Siku tisa hakupokea simu, akiuogopa ulimi wake mwenyewe usije ukatoa siri ya vipimo. Fundi akajua ameachwa.

Siku ya kumi akamvizia ngazini.

"Umenitupa, mama."

"Nikutupe wapi, na usingizi wenyewe umeninyima? Kesho wanapima nyongo. Naogopa."

"Nataka kukuoa. Niwe manjano, niwe kijani."

Akacheka bila kutaka, akaliegemea lile bega la mafuta. "Nijibu kwanza. Umemwambia daktari hunywi kitu kingine. Kweli?"

"Maji tu. Haki ya mama."

Simu yake ikaita. Mikono ina grisi, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje nzima.

"Mwanangu! Shangazi hapa. Ile mizizi unakunywa vikombe viwili? Bibi harusi asije akakukuta legelege!"

Fundi akakohoa. "Amekosea namba huyo mama."

"Shikamoo, shangazi," mtakwimu akasema, akichomoa kalamu. "Ameanza lini?"

"Marahaba, mkwe. Mwezi uliopita. Na leo asubuhi kanipigia mwenyewe, anataka chupa ya tatu."