Kimya cha Mwalimu Mejumaa

Mkahawa wa Makadara ulikuwa umefurika watu waliotoka swala ya Ijumaa, na Mejumaa hakuwa amefuata chai. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, anapiga video ya mahamri yakivimba kwenye mafuta.

"Simu hiyo yaenda kuoga mafuta," akasema kijana wa meza ya pili.

Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, na kofia ya viua ameilaza upande, kama mtu anayejua fika kuwa anapendeza. Mejumaa akamwambia kwamba kama ana huruma sana basi aishike yeye. Akaishika hadi mahamri yakaiva, na walipoondoka pale kila mmoja alikuwa na namba ya mwenziwe.

Jina lake Shukri. Alikuwa akitengeneza video za harusi katika studio ndogo mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale. Mejumaa alifundisha darasa la pili, shule ya hapohapo Makadara, na hadithi alizowasimulia watoto alikuwa akizirekodi na kuziweka YouTube, ili walimu wa kwao Kwale nao wazioneshe madarasani, maana vitabu vya hadithi huko ni vya kutafuta kwa tochi. Shukri alijitolea kumhariria. Baada ya Magharibi humpigia simu, amwite roho yangu, amuulize kama amekula, kisha ajibu mwenyewe kuwa mwalimu gani hula mapema hivi. Alikuwa na tabia ya kummalizia sentensi. Mwanzoni Mejumaa aliona raha, kwa kuwa alimpenda.

Jioni moja Shukri akamuuliza kwenye simu, "Nilete wazee kwenu?"

Mejumaa akanyamaza. Alikuwa akimfikiria babake, kazi yake, na mamake Shukri ambaye hata hajamwona. Shukri akacheka kwa furaha, akasema ameelewa, akakata simu. Kwao Mji wa Kale, mwanamwali akiulizwa habari ya posa akanyamaza, amekubali. Kesho yake mamake Shukri akampigia Mejumaa, akamwita mkaza mwanangu, akamuuliza apenda leso za rangi gani. Mejumaa aliona haya kumkatiza mtu mzima, akaitikia tu naam, na hasira akaimeza.

Wiki hiyohiyo akawawekea wanafunzi video mpya aliyoihariri Shukri, ukutani. Mejumaa wa kwenye video akasema, "Paukwa," na kabla watoto hawajaitikia, Sungura keshaingia sokoni kuuza mahamri. Akauliza, "Sungura akajibuje?" na papo hapo akajibu mwenyewe. Watoto walifungua midomo mara mbili tatu, kisha wakaacha. Zilpah wa dawati la mbele akageuka nyuma.

"Mwalimu, mbona leo hutungoji?"

Mchana ule akaenda Ndia Kuu na buibui lake lina vumbi la chaki. Shukri akainuka anatabasamu, akasema hadithi sasa imekaza, haina mahali pa kulala.

"Umekikata kimya changu," Mejumaa akasema.

"Kimya hakitazamwi, Mwalimu wangu. Mtu akikiona ahama."

"Wale ni watoto, Shukri. Nilikuwa nawangoja waitikie. Nami pia hukuningoja. Waniuliza neno la maisha yangu, kisha wajijibu weye."

"Lakini ulinyamaza."

"Nilikuwa nafikiri. Mwambie mamako asinunue leso."

Shukri alipiga simu siku nyingi na Mejumaa hakupokea. Usiseme alifurahi. Kila Magharibi aliiweka simu mapajani, akaitazama ikilia, na moyo ukamuuma.

Kisha ikaja video bila salamu wala maelezo. Akaiweka ukutani mbele ya darasa. "Paukwa," akasema Mejumaa wa kwenye video, kisha akatulia. Darasa zima likaitikia "Pakawa" hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Shukri hakukata kitu. Hata mahali Mejumaa alipokuwa akijikuna pua pamo, na watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jioni Mejumaa akapokea simu. Shukri akasalimu, akauliza hali za nyumbani, akaomba radhi. Kisha akasema, "Mejumaa, nilete wazee kwenu?"

Safari hii Shukri hakujijibu. Mejumaa akasikia tuktuk ikipita Ndia Kuu. Akamfikiria babake, akaifikiria kazi yake, tena taratibu.

"Ungaliko?" Mejumaa akauliza.

"Niko. Nakungoja."

Akamngojesha zaidi, kwa makusudi, kwani alikuwa na haki hiyo.

"Walete," akasema mwishowe, "ila shule zikishafungwa. Na mamako aje kwanza tuonane."

"Naam," akasema Shukri, na hakuongeza neno.