Jina Lililofutwa Kwenye Kiendeshi

Jioni ile mama mkwe alinituma dukani nikanunue pakiti ya kijani.

Hapa mjini kwetu Huwei kila fundi wa mitambo anaijua. Ni vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi, na pakiti yake huwekwa juu ya mashine ili itulie, isifanye utundu. Ya njano haifai. Iliyopitwa na tarehe ndiyo mbaya zaidi. Na kompyuta ya mume wangu ilikuwa na utundu tangu mwezi wa saba, mwezi wa wafu, uanze.

Nilimbeba binti yangu mgongoni. Alikuwa na miaka mitatu, nasi nyumbani tulimwita Dou-dou. Barabara nzima watu walikuwa wakichoma pesa bandia za karatasi milangoni kwa ajili ya ndugu wema. Ndivyo tunavyowaita wafu wasio na kwao, ili wasikasirike. Moshi uliniwasha macho.

"Hiyo kompyuta ya Tsung-yi inakula kuliko wewe," shangazi Kuei wa dukani alinitania. "Jitazame ulivyokonda! Mwambie mumeo chipsi nyingine akupe wewe."

"Mimi sina utundu, shangazi."

"Ndiyo maana hulishwi!"

Alicheka, akamtilia Dou-dou peremende kiganjani. Kisha akavua kitambaa chake mwenyewe na kumfunika mtoto kichwani. Sauti yake ikashuka.

"Kumeshakuwa giza. Usimwite jina lake kamili njiani. Na akiitwa, asiitike. Umenisikia?"

Nilimsikia.

Karakana ya mume wangu iko nyuma ya nyumba. Tsung-yi ni fundi wa sauti wa kundi la vikaragosi. Vikaragosi huchezeshwa kwa mikono, lakini ngoma, zumari na sauti za wahusika hutoka kwenye kompyuta. Mwezi wa saba ndio mwezi wetu wa kazi, maana kila hekalu hutaka onyesho la kuwaburudisha ndugu wema. Viti vya mbele huachwa wazi kwa ajili yao.

Kompyuta ile inatumia mfumo huria, ule unaotolewa bure, na kisanduku chetu cha sauti, kinachozipeleka sauti kwenye spika, ni cha zamani. Viwili hivyo visingeelewana kamwe kama si Kaka Fang.

Hatukuwahi kumwona. Aliishi peke yake Taitung, ng'ambo ya milima, hana mke wala mtoto. Ndiye aliyeandika kiendeshi, yaani programu ndogo inayokaa katikati ya kompyuta na kisanduku kama mkalimani. Akaigawa bure kwa dunia nzima. Alikuwa na sharti moja tu: jina lake, Fang Chi-yuan, libaki pale mwanzoni mwa kazi yake.

Mume wangu alikuwa akimpigia simu kila alipokwama. Nilimsikia Kaka Fang simuni akikohoa, akifyonza tambi zake, akimweleza taratibu bila kuchoka. Nilipojifungua, alitutumia chupa ya mafuta ya ufuta ya kumpikia mzazi kuku. Mtu asiyenijua hata uso! Nilimla kuku yule huku machozi yananitoka.

Alikufa majira ya kuchipua ya mwaka ule. Aliyemkuta ni kijana wa kupeleka tambi. Hakuna aliyemfukizia udi. Hakuna nyumba yenye kibao cha jina lake madhabahuni, mahali ambapo roho yake ingekaa.

Niliingia karakana na pakiti yangu. Tsung-yi hakugeuka.

"Weka hapo juu. Na usimwache mtoto aguse waya."

"Umekula, baba Dou-dou?"

"Nitakulaje? Inapumua."

"Nini kinapumua?"

Aliongeza sauti.

Nikasikia.

Haaa... haaa...

Spika zilikuwa zikivuta pumzi.

"Ni kelele za umeme tu," alisema. Lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nakijua kile kidirisha. Kushoto kuna majina ya vitu vinavyotoa sauti, kulia majina ya vitu vinavyopokea, na mtu huviunganisha kwa kuchora mstari. Kushoto paliandikwa ngoma, zumari, maikrofoni. Chini yake palikuwa na jina moja zaidi. Mstari wake ulikuwa umekwisha kuchorwa hadi kwenye spika.

Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini jina la mwanangu nalisoma hata gizani.

Liao Chih-ning.

"Kwa nini umeandika jina la mtoto humu?" nilinong'ona.

"Sikuliandika mimi."

Alifuta mstari. Mstari ukajichora. Akaufuta tena. Ukajichora tena, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kwenye vumbi. Akachomoa waya wa kisanduku cha sauti kwa hasira.

Pumzi hazikukoma.

Ndipo nikasikia harufu. Mchuzi wa tambi... na mafuta ya ufuta.

Spika ikakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Kikavu, kifupi, kinachoomba radhi.

"Kaka Fang?" nilisema.

Ikaja sauti, kama inapita kwenye mchanga.

"Liao... Chih... ning..."

Nilirusha mkono nyuma nimzibe Dou-dou mdomo. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyemlea hivyo, kwamba mkubwa akikuita, itika kwa adabu.

"Abee!" mwanangu akaitika.

Spika zikazimika zote.

Nilimshusha mgongoni, nikamkumbatia. Alinitazama. Midomo yake ikacheza, *ma... ma...*

Haikutoka sauti.

"Ulimfanyia nini yule mtu?" nilimuuliza mume wangu.

"Mimi? Mtu amekufa huko mbali, nimfanyie nini?"

"Tsung-yi. Ulimfanyia nini?"

Akakaa chini sakafuni.

"Nilifuta jina lake," alisema. "Nikaweka langu. Nikawagawia makundi mengine, nikasema kiendeshi ni kazi yangu. Walinipigia makofi, mama Dou-dou. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alinipigia makofi. Na maiti anataka jina la nini?"

Nilifikiria chupa ile ya mafuta. Mtu asiye na mtoto, asiye na kibao, jina lake liko mahali pamoja tu duniani. Nasi tukalifuta.

Mama mkwe alipoona mdomo wa mtoto hakuuliza mengi. Alichukua fulana ya Dou-dou, akaifunga juu ya kikombe cha mchele, akasimama mlangoni kuirudisha roho iliyoshtuka. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo.

"Liao Chih-ning," aliita, akipunga udi. "Rudi nyumbani. Rudi kwa mama."

Kimya.

"Liao Chih-ning! Rudi nyumbani!"

"Abee."

Nilimtazama Dou-dou mapajani mwangu. Mdomo wake ulikuwa umefumba.

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Kule karakana, ambako Tsung-yi alikuwa amekwisha kuzima umeme.

"Abee," ilisema tena sauti ya mwanangu, nyororo, ya kudeka. Na nyuma yake, karibu sana, mtu akakohoa.

Kikombe kilimponyoka mama mkwe. Mchele ukatapakaa kizingitini.

"Amepewa," alisema. "Mwenzenu hakuwa na jina. Mtoto akaitika, akampa lake. Nani atamnyang'anya?"

Tsung-yi alirudi karakana analia. Alilirudisha jina la Fang Chi-yuan mahali pake na kulifuta la kwake. Mimi nilipika kuku kwa mafuta ya ufuta, nikaweka bakuli mbele ya kompyuta, nikaomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Asubuhi, jina la mtoto halikuwepo tena kiooni. Pumzi zilikoma.

Nikadhani tumesamehewa. Nilikimbia kumwamsha Dou-dou. Akatabasamu, akafungua mdomo...

Hakuna.

Yetu ilikuwa nakala moja tu ya kiendeshi. Nyingine zilikwisha kwenda kusini na kaskazini, zina jina la mume wangu, kwenye kila gari la vikaragosi, lile linalogeuzwa jukwaa, alilolitembelea kwa majivuno yake. Aliwapigia simu. Aliwasihi.

"Inafanya kazi vizuri, tuiguse ya nini?" walimjibu.

"Tsung-yi, umekunywa nini leo, ndugu yangu?" mwingine alimuuliza.

Mmoja alicheka mpaka akakata simu. Wanamwita bwana kiendeshi. Jina limemganda, halifutiki.

Daktari wa hospitali anasema ni woga, utapita. Nesi mmoja humchorea Dou-dou sungura kwenye mkono kila tukienda, na mimi namshukuru kwa moyo wote. Mume wangu anasema ni hitilafu ya koo. Anasema hivyo bila kunitazama. Nami ninampakulia chakula bila kumtazama.

Mwezi wa saba umerudi. Jua likizama namwacha mtoto kwa bibi yake na kufuata magari ya vikaragosi, hekalu hadi hekalu. Nasimama nyuma ya viti vile vitupu. Kabla ya ngoma, fundi anapojaribu spika, huwa kuna upenyo mdogo wa kimya.

Haaa... haaa...

"Mama?"

Watu hawageuki. Wanadhani ni mtoto wa mtu.

Shangazi Kuei alinikataza. Mama mkwe amenikataza kwa machozi, anasema ninayemjibu si mjukuu wake. Huenda ni kweli. Lakini Dou-dou kule nyumbani hajaniita mwaka mzima, na mama akiitwa atafanyaje?

"Nipo, mwanangu," naitika. "Mama yupo hapa."

Na kila ninapoitika, sauti yangu mwenyewe inazidi kufifia.